Msoma Habari na Mtandio Wake: Safari ya Televisheni Kutoka Unguja Mpaka Ifakara



Kila mwaka Shaaban ikiingia, kazi kwenye kibanda changu cha kushonea hapa Ifakara huwa hazishikiki, maana kila mwenye posa anataka kumaliza shughuli kabla ya Ramadhani. Safari hii nilikuwa na nguo za maharusi saba mkononi. Mmoja wao ni binti wa hapahapa mjini kwetu, Mmbunga kwa kabila, ameposwa na kijana wa Unguja. Aliniletea vitambaa vya nguo mbili, ya nikaha na ya kutolewa nje. Nilipomaliza kumpima akasema, "Dada, nishonee na ya tatu. Ya kusomea habari."

Nikadhani ananitania. Kumbe kweli. Amesomea uandishi wa habari, na kuna kituo cha televisheni kimempa nafasi. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyepata kazi. Kituo cha kwanza alichojaribu, ambacho jina lake nitalihifadhi, walimsifu kwa usomaji wake, kisha wakamwambia mtandio autoe akiwa hewani kwa sababu watazamaji hawajazoea. Akashukuru, akaondoka. Hiki cha pili kimemkubali na mtandio wake, lakini sasa mashangazi wa bwana harusi wanauliza mke wa mtu anakwenda kukaa mbele ya kamera kutazamwa na nchi nzima kwa lipi. Huku anaambiwa amejifunika mno, huku anaambiwa anajifunua.

Akaniuliza, "Dada, hivi mimi ndiye wa kwanza?"

Mimi ni fundi cherehani. Elimu yangu ni kidato cha nne na kozi ya ushonaji. Lakini televisheni nimeitazama kwa jicho la fundi tangu utotoni, na historia yake nimeifuata kwa kuwauliza wakubwa na kwa kusoma. Jibu nililompa lilikuwa refu, mpaka wateja wengine wakaanza kuguna. Nimeona niliandike hapa, huenda likamfaa na bi harusi mwingine.

Sauti ilitangulia sura

Kabla ya televisheni ilikuwepo redio. Mwaka 1951 zilianza redio mbili, Sauti ya Unguja kule kisiwani na Sauti ya Dar es Salaam huku Bara. Baada ya uhuru redio ya Bara ikawa mikononi mwa serikali, na kuanzia 1965 ikajulikana kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD.

Mama zetu wa Bonde la Kilombero wamelelewa na RTD. Bibi yangu alikuwa akisikia taarifa ya habari inaanza, anaweka mchi chini. Kelele za kinu zilisubiri mpaka habari ziishe. Na katika redio hiyo sauti za wanawake zilikuwa nyingi tu. Deborah Mwenda aliwasimulia watoto wa nchi nzima hadithi katika kipindi cha Mama na Mwana. Halima Mchuka alitangaza mpira wa miguu wakati watu wengi waliamini kazi hiyo ni ya wanaume peke yao, na wanaume wenyewe walitegesha masikio kujua nani kafunga.

Kwa hiyo mwanamke kuipa nchi habari halikuwa jambo geni nyumbani kwetu. Sauti yake ilikuwa imeshakaa sebuleni miaka mingi kabla ya sura yake kufika.

Tena ukirudi nyuma zaidi, sisi Waislamu tuna mfano ulio karibu kuliko huo. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea na kusimulia hadithi zaidi ya elfu mbili. Masahaba walikwenda kumuuliza, na alikuwa akimsahihisha aliyenukuu vibaya. Watu hawakumsikiliza kwa sababu ya uzuri wa sauti. Walimwendea kwa sababu alikuwa na ujuzi na alikuwa mkweli.

Unguja iliitangulia Bara miaka ishirini

Wasomaji wa Visiwani, hapa mna haki ya kutamba. Mwaka 1973, wakati wa Rais Aboud Jumbe, Zanzibar ilianzisha televisheni yake, TVZ, na ikawa ya rangi. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini picha zao zilianza nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na migodi yake yote ya dhahabu, ilianza televisheni mwaka 1976. Ndiyo maana TVZ inahesabiwa kuwa televisheni ya rangi ya mwanzo katika Afrika kusini mwa Sahara. Kisiwa cha karafuu kiliwatangulia wakubwa.

Nina mteja wangu mmoja, bibi mtu mzima wa Unguja, huja huku kumtembelea mwanawe anayenunua mchele. Ananiambia kuwa siku za mwanzo seti zilikuwa chache, na mwenye TV nyumbani hakulala mapema. Majirani walijaa, watoto mbele kwenye mkeka, wanawake nyuma na mabuibui yao, wanaume wakisimama dirishani. Habari ilipoanza, aliyekohoa aliangaliwa vibaya.

Huku Bara hatukuwa na televisheni kabisa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona ni anasa ya watu wachache wa mjini katika nchi ambayo bado inatafuta maji, shule na dawa. Mwaka huohuo wa 1973 ambao Unguja iliona picha za rangi, Bara ilikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio na kujadiliana kuhusu vyoo, maji safi na malaria, kisha wakaenda kuchimba vyoo hivyo. Sitaki kusema nani alipatia na nani alikosea. Kisiwa kilichagua picha, Bara ikachagua redio na jembe. Lakini watu wa Dar es Salaam na Tanga waliokuwa na uwezo walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa wakazielekeza baharini, ili wainase TVZ. Mtu akikatazwa kuona huzidi kutaka kuona.

Umeme ulitoka kwetu, picha hazikufika

Sasa nije bondeni kwetu. Wengine mnalisikia tu jina la Kilombero kwenye mfuko wa sukari au gunia la mchele. Upande mmoja wa bonde ipo Milima ya Udzungwa, upande wa pili milima ya Mahenge, katikati mto na mashamba ya mpunga. Kidatu, mwanzoni mwa bonde, kuna bwawa la umeme lililoanza kazi mwaka 1975, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Kwa miaka mingi umeme huo ulikuwa nguzo ya taifa. Nyaya zilipita juu ya vichwa vya watu wa bondeni kwenda kuwasha mijini, nao chini wakisomea koroboi.

Mwaka 1993 sheria ilibadilishwa, watu binafsi wakaruhusiwa kuwa na redio na televisheni Bara. Mwaka 1994 vituo vikaanza kuchipua Dar es Salaam. Palikuwa na CTN, DTV ambayo baadaye ikawa Channel Ten, na ITV ya Reginald Mengi. Televisheni ya serikali ya Bara, TVT, ilikuja nyuma ya hao wafanyabiashara, na mwaka 2007 TVT na RTD zikaunganishwa katika shirika la TBC.

Lakini kuanzishwa Dar si kufika Ifakara. Mawimbi ya televisheni ya mnara husafiri kama macho yanavyoona, yakikutana na mlima yanakwama. Kwetu aliyetaka picha ilibidi anunue dishi kubwa kama paa la banda la kuku, alielekeze angani. Mtaani kwetu alikuwa nalo mfanyabiashara mmoja wa mpunga. Mimi nilikuwa darasa la tatu au la nne. Sisi watoto tulilipia kwa kumtekea mkewe maji, ndoo moja kwa jioni moja. Mama alikuwa mkali, filamu hakutaka nizione. Ruhusa yangu ilikuwa taarifa ya habari tu, saa mbili usiku, ikiisha nirudi mbio.

Ndipo nikamwona kwa mara ya kwanza mwanamke anasoma habari. Wenzangu walisikiliza kuhusu mawaziri. Mimi niliangalia kola. Nilitaka kujua imeshonwaje mpaka ikasimama vile, na kwa nini bega la kushoto limekaa sawasawa na la kulia. Nikirudi nyumbani nilijifunga khanga ya mama, nikakaa nyuma ya meza na gazeti lililofika kwa treni ya TAZARA likiwa limeshakaa siku tatu, nikasoma kwa sauti. Mdogo wangu ndiye alikuwa nchi nzima.

Mwenye pesa anapoamua sura

Vituo vya binafsi vilileta faida nyingi. Habari za mikoani ziliongezeka, watu wakaanza kusikia hoja zinazopingana, wasichana wengi wakapata kazi. Lakini kituo cha mfanyabiashara kinaishi kwa matangazo ya biashara, na hapo ndipo sura ya msomaji ikaanza kuhesabiwa pamoja na bidhaa. Mwanzoni msomaji alivaa tu kwa heshima. Baadaye tukaona kwenye kioo jina la duka lililomvalisha na saluni iliyomsuka. Mimi ni mfanyabiashara, siwezi kulaumu mtu kutangaza nguo. Ningefurahi jina la kibanda changu likipita pale chini. Lakini tujue kuwa mtu anapokwambia "watazamaji hawajazoea mtandio", hazungumzi dini wala taaluma. Anapiga hesabu za duka lake, na hesabu zenyewe kazikosea.

Kazikosea kwa sababu wapo waliokwishajaribu. Leo ukiwasha ZBC, shirika ambalo mwaka 2013 lilizikusanya pamoja TVZ na Sauti ya Tanzania Zanzibar, utawaona wanawake wanasoma habari na mitandio yao, na hakuna anayezima televisheni kwa sababu hiyo. Misri ilikuwa na televisheni ya taifa tangu 1960, nchi ya Al-Azhar, lakini wanawake waliovaa hijabu waliwekwa mbali na kiti cha habari mpaka tarehe 2 Septemba 2012, Fatma Nabil alipokaa na kusoma akiwa amejifunika. Uingereza, mwaka 2016, Fatima Manji wa Channel 4 alisoma habari za shambulio la Nice kule Ufaransa, na mwandishi mmoja wa gazeti akahoji kama ilifaa mwenye hijabu kusoma habari ile. Alilalamika kwa chombo cha kusimamia magazeti, malalamiko yakakataliwa. Alichofanya baadaye ni kuendelea kusoma habari. Mwaka huohuo Ginella Massa alisoma habari katika kituo kimoja cha Toronto, Kanada, na hijabu yake.

Na wale wanaosema kazi hii haichanganyiki na ndoa, nawakumbusha Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mtu na mkewe, ambao mwaka 2018 Wakenya walianza kuwaona wakisoma habari za Kiswahili pamoja katika Citizen TV. Meza moja ya habari, na nyumbani meza moja ya chakula. Zuhura Yunus alitusomea Dira ya Dunia ya BBC kutoka London kwa miaka, na mwaka 2022 akateuliwa kuongoza mawasiliano ya Ikulu. Kila mmoja ana mavazi yake na njia yake. Ninachosema ni kwamba mlango huu umeshapitwa na wengi.

Ving'amuzi na siku chaneli zilipopotea

Badiliko lililotugusa sisi wa bondeni kuliko yote lilikuwa la dijitali. Nchi za dunia zilikubaliana mwaka 2006 kwamba mitambo ya zamani ya analojia iachwe, na mwisho ukawekwa Juni 2015. Tanzania haikusubiri. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, kisha miji mingine ikafuata kwa awamu. Kuanzia hapo bila king'amuzi TV ni meza ya kuwekea maua. Desemba 2013 Azam TV ikaingia na madishi yake madogo, na kwetu milima ikakoma kuwa kizuizi, kwa kuwa dishi linaangalia juu. Mapaa ya Ifakara yalianza kuota masahani.

Halafu mwaka 2018 likatokea jambo ambalo wengi tulilishuhudia bila kulielewa. Tulilala na chaneli, tukaamka hazipo. Leseni za baadhi ya kampuni za ving'amuzi vya kulipia hazikuwaruhusu kubeba chaneli za bure za nyumbani, na mamlaka ya mawasiliano ikataka sheria ifuatwe. ITV, Channel Ten, Star TV, Clouds zikaondoka kwenye madishi hayo. Mtu wa mjini alinunua king'amuzi cha pili chenye antena ya kawaida akaendelea. Mtu wa kijijini aliyezungukwa na milima, hiyo antena itamletea nini? Baadaye mambo yakarekebishwa na chaneli zikarudi, lakini katika kipindi kile wengi wetu tulihamia kwenye simu. Waliohama hivyo wengi hawakurudi tena kukaa na wenzao saa mbili usiku.

Na simu ina wasoma habari wengi kuliko Dar es Salaam nzima. Yupo mwenye leseni na aliyesomea, yupo mwenye kamera na mdomo tu. Anaongeza chumvi, anapiga kelele, anaweka muziki wa kutisha, kichwa cha habari kinasema mtu amekufa na ukifungua ni mgonjwa wa mafua. Hata katika televisheni kubwa siku hizi utamkuta msomaji anachekesha pale pa kuhuzunisha. Mimi sipendi. Habari ya msiba wa watu haisomwi kama tangazo la ofa ya magodoro.

Kivuko cha mwaka 2016

Nawaeleza kwa nini sipendi. Kabla ya daraja, kutoka Ifakara kwenda Ulanga ulivuka Mto Kilombero kwa kivuko. Januari 2016, siku ya mvua na upepo mkali, kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka na kuzama. Shangazi yangu siku hiyo alikuwa arudi kutoka Lupiro, ng'ambo ya mto.

Simu zilianza kuita kabla hatujajua la kufanya. Mmoja alituma ujumbe kwamba waliokuwemo wamekufa wote. Mwingine akatuma picha ya meli kubwa imelala ubavu, na sote tunajua kivuko chetu hakikuwa na ghorofa. Mwingine, Mungu amsamehe, aliandika majina, na jina la shangazi lilikuwemo. Baba alipolisoma alikaa chini kwenye mchanga, na mimi mpaka leo sijawahi kumwona vile tena. Wanawake wakaanza kulia, mtu akaulizia sanda.

Usiku tukawasha televisheni kwa jirani. Msomaji, mwanamke, alisoma polepole. Alisema kivuko kimezama. Alisema wapo waliookolewa, wapo wanaotafutwa, na kwamba idadi kamili bado haijathibitishwa. Basi. Hakulia, hakupamba, hakutaja jina la mtu. Neno lile "bado haijathibitishwa" ndilo lililotuinua. Tukaacha kutafuta sanda tukaanza kumtafuta shangazi. Alfajiri tukampata kwa simu ya mtu. Alikuwa amechelewa kufika kivukoni, akalala ng'ambo, simu yake ikiwa imeishiwa chaji. Wapo majirani ambao hawakuwa na bahati hiyo, Allah awarehemu.

Dada zangu, Surat Al-Hujurat inatuamrisha tuletewapo habari na asiyeaminika tuihakiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mimi niliielewa amri hiyo usiku ule, mbele ya televisheni ya jirani. Tangu hapo nikimwona msoma habari nauliza swali moja: je, huyu akinisomea jina la shangazi yangu, nitamwamini?

Usiku wa Machi 17

Baada ya ajali ile daraja lililokuwa likijengwa lilikamilika. Lina urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018 na likapewa jina la Rais Magufuli. Leo ninapopeleka nguo za harusi Mahenge ninapita juu yake kwa bodaboda, sishuki hata kidogo.

Mwaka 2021, kuanzia mwishoni mwa Februari, Rais huyo hakuonekana hadharani. Mnakumbuka siku zile. Kila simu ilikuwa na daktari wake na hospitali yake. Huyu anasema yupo India, huyu anasema Kenya, huyu anaapa kuwa alimwona juzi. Ilikuwa kama usiku wetu wa kivuko, ila safari hii ni nchi nzima iliyokaa mchangani.

Usiku wa tarehe 17 Machi, TBC ikakatisha vipindi. Aliyetokea kwenye kioo hakuwa mtangazaji. Alikuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa Kizimkazi, Unguja, na mtandio kichwani. Akaeleza kuwa Rais amefariki, akataja hospitali, akataja maradhi, akatangaza siku za maombolezo. Sauti ilikuwa nzito lakini kila neno lilisikika. Siku mbili baadaye akaapishwa akiwa ameshika Msahafu.

Siasa si kazi yangu, na kila mtu ana maoni yake juu ya viongozi. Mimi nazungumzia dakika zile chache tu. Habari nzito kuliko zote nilizowahi kusikia katika umri wangu niliipata kutoka kwa mwanamke wa Kiislamu aliyejifunika, mke na mama wa watoto. Katika kibanda changu tulikuwa wanawake watano, wawili si Waislamu. Hakuna hata mmoja aliyesema mtandio umemzuia kuelewa. Tangu mapambazuko ya TVZ mwaka 1973 mpaka usiku ule ni miaka 48. Huyo meneja anayesema watazamaji hawajazoea alikuwa wapi?

Nguo ya tatu

Basi nikamwambia bi harusi wangu: wewe si wa kwanza, na InshaAllah hutakuwa wa mwisho. Wanaokutaka uvue waambie historia hii kwa upole. Kwa mashangazi nenda kwa adabu zaidi, kwa sababu wao wana hofu, na hofu haijibiwi kwa ukali. Waambie kwamba kazi yako ni amana. Waonyeshe mavazi yako, waambie saa za kazi na nani atakurudisha usiku. Na jambo kubwa, mzungumze na mwenzio kabla ya nikaha. Bi harusi ana haki ya kueleza anachokitaka na kukubaliana na mumewe mapema, walii na sheikh wakijua. Ukinyamaza leo ili harusi ipite, utalia kesho peke yako.

Kisha nikarudi kwenye ninachokijua. Kwa wasichana wengine mnaotaka kazi hii, haya ya fundi yawekeni akilini. Mistari myembamba na vimraba vidogo hucheza kwenye kamera mpaka mtazamaji anaumwa macho. Satini hung'aa chini ya taa, shati zima linakuwa kioo. Kijani muulize kwanza fundi wa picha, kwa maana studio nyingi zina ukuta wa kijani wa kuwekea picha nyuma, na ukivaa kijani mwili wako utapotea, kichwa kitabaki kinaelea. Mtandio wa shifoni huteleza, chagua krepu au pamba laini, na ndani vaa kikofia cha pamba. Pini iwe upande usio na maikrofoni. Maikrofoni ndogo ya kubana hushika kila mkwaruzo, kitambaa kigumu kikisugua pale, watu watasikia kama unakanyaga majani makavu. Weka mikunjo michache, usiweke shanga karibu na shingo.

Nilimshonea koti refu la rangi ya zambarau iliyokolea, kola imesimama, mabega sawasawa, na mtandio wa kijivu. Sikumtoza fedha ya kushona hiyo ya tatu. Nilimwambia anilipe siku moja tu, siku atakapoletewa habari ya msiba bila uhakika na bosi wake akamhimiza aiwahi kabla ya wengine. Siku hiyo aseme bado haijathibitishwa.

Nikaha imepita salama, Alhamdulillah. Mashangazi wawili bado wamenuna. Lakini mama mkwe amempigia simu kumuuliza habari anasoma saa ngapi, maana majirani wanataka kuja kutazama.

Wabillahi tawfiq.